Sura ya Tano: Chumba Kimoja na Uwanja Mpana

Swali ambalo watu huliuliza mara kwa mara, wapitapo Barabara ya Jogoo jijini Nairobi na kuzitazama zile nyumba fupi za mawe zilizoezekwa vigae vyekundu, ni hili: ikiwa zamani zile ardhi ilikuwa tele, na miti ikapandwa, na viwanja vikaachwa vipana hata leo kila mwenye mali anavitamani, mbona Baraza la Mji lilimpa mtu mzima, mwenye mke na watoto, chumba kimoja? Wengine huligeuza swali lilelile wakauliza kwa nini serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na mazoea ya kumkirimu Mwafrika, ilijitaabisha kumjengea ukumbi, na zahanati, na mahali pa watoto kuchezea. Maswali haya mawili ni kadhia moja, na jawabu lake limo katika historia ya mitaa ambayo wenyeji wa Nairobi huiita mpaka leo nyumba za kanjo, yaani nyumba zilizojengwa na baraza la mji kwa fedha za umma zikapangishwa kwa kodi nafuu.

Tutauchukua mtaa mmoja uwe kielelezo chetu, nao ni Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940 upande wa mashariki wa mji. Si mtaa mkubwa kuliko yote wala si wa kwanza, lakini ndio unaoonyesha kwa udhahiri yale waliyoyakusudia wajenzi, na yale waliyoyafanya wapangaji baadaye, ambayo wajenzi hawakuyakusudia hata kidogo.

Mji uliomtaka mfanyakazi usimtake mkazi

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na tangu siku zake za mwanzo watawala waliuhesabu kuwa mji wa Wazungu, ambamo Mwafrika huingia kufanya kazi na kisha hurejea kwao. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, alishauri mji ugawanywe kwa rangi za watu, kila kabila la watu na upande wake, akitoa hoja ya kuzuia maradhi. Na ijapokuwa hoja ilikuwa ya afya, athari yake ilikuwa ya siasa. Wazungu walipata vilima vya magharibi vyenye hewa baridi na udongo mwekundu usiotuamisha maji, Wahindi wakapata sehemu za katikati na kaskazini, nao Waafrika wakasukumwa mashariki, ng'ambo ya reli na viwanda, kwenye uwanda wa udongo mweusi ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuwa tope zito zinyeshapo mvua.

Hapo ndipo linapopatikana jawabu la kwanza la swali letu. Mshahara wa Mwafrika ulihesabiwa kwa kipimo cha kapera, yaani mwanamume asiye na mke wala mtoto wa kulisha mjini, hata kama mtu huyo alikuwa na ahali yake Murang'a au Kisumu au Machakos. Ikisadikiwa kwamba chakula cha mke na watoto kinatoka shambani, basi mwajiri halazimiki kukilipia. Na ikisadikiwa kwamba mke na watoto hawapo mjini, basi baraza halilazimiki kuwajengea. Kwa hiyo kipimo cha nyumba kilikuwa kitanda. Katika makazi ya Kariokor, yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mpangaji alilipia nafasi ya kulala ndani ya bweni, akaamka asubuhi akaenda kazini na kipande chake, nacho ni ile hati ambayo kila mwanamume wa Kiafrika alishurutishwa kuichukua, yenye alama za vidole na habari za waajiri wake.

Palikuwa na njia nyingine, nayo ilionekana Pumwani, mtaa uliopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ambako Mwafrika aliruhusiwa kujenga nyumba yake mwenyewe katika kiwanja alichokilipia baraza. Wengi walijenga kwa mtindo wa pwani, nyumba ya miti na udongo yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ua nyuma, na baraza mbele ya mlango. Wenyewe wakakaa chumba kimoja au viwili, vingine wakapangisha. Mtaa ule ulikuwa na misikiti, na hoteli za chai, na biashara zilizoendeshwa na wanawake waliomiliki nyumba kwa majina yao, jambo lililokuwa nadra mahali pengine. Lakini watawala hawakuupenda mji usiotokana na ramani yao. Kijiji cha Pangani, chenye wenyeji wa namna hiyohiyo, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo, wakawa wapangaji.

Kwa ufupi: chumba kilikuwa kimoja kwa sababu mshahara ulikuwa wa mtu mmoja, na mshahara ulikuwa wa mtu mmoja kwa sababu mji haukukubali kwamba mfanyakazi ni mkazi.

Mgomo wa Mombasa na hofu ya watawala

Kilichowazindua watawala kilitoka pwani. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wakidai pamoja na mambo mengine posho ya nyumba, kwa maana kodi za vyumba mjini zilikuwa zikiwamalizia ujira. Na tume iliyoundwa kuchunguza jambo hilo ikaona wazi kwamba makazi ya wafanyakazi yalikuwa ya kuaibisha. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, miji ikajaa watu, na vita vilipokwisha, Januari 1947, Mombasa ikagoma tena kwa ukubwa usiopata kuonekana. Wagomaji walikutana kila siku katika uwanja wa mpira ambao waliupa jina la Kiwanja cha Maskini, na hapo ndipo ulipozaliwa muungano wao, ambao Chege Kibachia aliuongoza. Msomaji na auweke moyoni uwanja huo, kwa kuwa tutakutana na wenziwe huko mbele.

Katika miaka hiyo ya migomo na vita maafisa walianza kusema kwamba mfanyakazi anayekuja na kuondoka kila miezi michache ni hasara na ni hatari: hajifunzi kazi, hana cha kupoteza, na mawazo yake hayajulikani. Afadhali, wakasema, akae mjini pamoja na mkewe, apate nyumba, apate mahali pa kucheza mpira na kusoma gazeti, atulie. Neno hilo kutulia ndilo lililofungua mikoba ya fedha. Baraza la Manispaa ya Nairobi, ambalo kabla ya hapo lilikuwa limejenga kwa unyonge, likaanza kujenga mitaa: Ziwani, Starehe, na Kaloleni.

Wazo la mtaa lilitoka wapi?

Tusidhani kwamba ramani ya Kaloleni ilibuniwa Nairobi. Uingereza, baada ya Vita vya Kwanza, serikali ilipitisha sheria mwaka 1919, kwa juhudi za waziri Christopher Addison, ya kuyasaidia mabaraza ya miji kujenga nyumba za kupangisha watu wa kazi. Baraza la London likaenda nje ya mipaka yake, katika mashamba ya mboga ya Essex, likajenga kati ya mwaka 1921 na 1935 mtaa wa Becontree, wenye nyumba takriban 26,000, ambao kwa wakati ule hapakuwa na mtaa wa umma mkubwa kuuzidi duniani. Waliohamia, wengi wao kutoka vichochoro vya mashariki ya London, walipata vitu ambavyo wazazi wao hawakuviota: maji ndani ya nyumba, choo cha peke yao, bustani mbele na nyuma. Lakini walilia kwa jambo jingine. Nyumba zilitangulia, na kila kitu kikachelewa: shule hazikutosha, maduka yalikuwa mbali, hospitali haikuwapo, na kazi nazo zilikuwa huko walikotoka, mpaka kiwanda cha magari cha Ford kilipofunguliwa Dagenham mwaka 1931. Mtu alikuwa na nyumba nzuri, ila hakuwa na mahali pa kwenda akishatoka ndani yake.

Kutokana na makosa ya namna hiyo, wapangaji wa miji walivutwa na fikira ya Mmarekani Clarence Perry, aliyoieleza kwa ukamilifu mwaka 1929. Alisema mtaa upimwe kwa idadi ya watu wanaotosha kuijaza shule moja ya msingi. Barabara kubwa zipite pembeni zisiukate katikati. Maduka yakae kwenye pembe. Na shule pamoja na jumba la mikutano viwe kitovuni, mtoto aweze kuvifikia kwa miguu bila ya kuvuka barabara ya hatari. Mtaa wa namna hii ndio wataalamu wanaouita kitengo cha ujirani. Mwaka 1948 mpango mkuu wa Nairobi, ulioandikwa na Thornton White, Silberman na Anderson, uliifanya fikira hiyo kuwa msingi wa mji mzima. Na Kaloleni ilikuwa tayari imeijaribu.

Kaloleni kwa karibu

Aliyeingia Kaloleni ilipokuwa mpya alikuta mtaa uliopangwa kuuzunguka uwanja, na uwanjani umesimama ukumbi. Nyumba zilikuwa za mawe ya kuchonga, ambayo sehemu ya kazi yake ilifanywa na mateka wa vita wa Kitaliano waliokuwa wakishikiliwa nchini. Na fundi yeyote anayezipitia leo, akapapasa viungo vya mawe na kutazama jinsi kuta zilivyosimama bila ya kuyumba juu ya udongo ule mbaya, hukiri kwamba waliojenga walijua kazi. Mtaa ulikusudiwa wenye familia, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Huduma zilizokusudiwa kuuzunguka ukumbi, hapa na katika mitaa iliyofuata, zilikuwa kama hizi:

– ukumbi wa jamii kwa mikutano, ngoma na mafunzo;
– zahanati na kliniki ya mama na watoto;
– shule ya chekechea;
– maduka machache pamoja;
– viwanja vya michezo, na si mbali na hapo uwanja mkubwa wa mpira, ule uliojulikana baadaye kwa jina la City Stadium.

Orodha hiyo inapendeza, na ni haki isifiwe. Lakini na tuingie ndani ya nyumba. Pale mitaa ya Mashariki ilipompa mtu chumba kimoja, chumba hicho kiligawanywa kwa pazia lililotundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma ya pazia kilikaa kitanda, nacho kilipandishwa juu ya matofali ili chini yake pawekwe sanduku la nguo, gunia la mahindi lililotoka nyumbani, na usiku watoto walale juu ya mkeka. Mbele ya pazia ilikuwa meza, viti, na picha ukutani. Hapo mgeni aliketishwa kwa taadhima zote, ilhali miguu yake inakaribia kugusa jiko. Ndugu akija kutafuta kazi, naye hulazwa hapo, baada ya meza kusukumwa mlangoni. Maji yalitekwa kwa foleni: katika mitaa mingi bomba lilikuwa la kushirikiana na vyoo vivyo hivyo, na madebe yalipangwa alfajiri kwa zamu ambayo kila mama aliijua, hata debe likikaa peke yake bila ya mwenyewe, hakuna aliyethubutu kuliruka.

Basi maisha yalitoka nje. Mtoto alisoma chini ya mti, mama alichagua mboga kizingitini, vijana walizungumza uwanjani hadi usiku, na arusi, na matanga, na michango ya kusafirisha maiti kwenda kuzikwa kwao, vyote vilifanyika mahali pasipo pa mtu mmoja. Nami naona, na nasema kwa yakini, kwamba mitaa hii haikuwapa watu heshima kwa nyumba zake. Iliwapa heshima kwa nafasi iliyokuwa kati ya nyumba. Mjenzi aliyebana vyumba aliacha uwanja mpana kwa sababu zake mwenyewe, na wapangaji wakaufanya uwanja ule kuwa sebule yao.

Ukumbi uliojengwa kwa utulivu

Watawala walipojenga ukumbi walikuwa na muradi wao. Mtu atakayecheza dansi Jumamosi, atakayehudhuria darasa la ushonaji na kusikiliza mhadhara wa afya, hatakuwa na wakati wa siasa; hivyo ndivyo walivyofikiri, na maafisa wa ustawi wa jamii waliwekwa kuongoza shughuli hizo. Lakini kwa kuwa mji ulikuwa na kumbi chache ambazo Mwafrika angeweza kukaa humo pamoja na wenzake mamia, ukumbi wa Kaloleni ulipata kazi nyingine.

Tarehe 23 Aprili 1950, chama cha Kenya African Union na kile cha Wahindi, East African Indian National Congress, vilifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi huo. Si siku nyingi kabla ya hapo, mwezi Machi, Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza, kwa shangwe ambazo vyama vya wafanyakazi vilikataa kushiriki. Akasimama Makhan Singh, mwana wa fundi aliyetoka Punjab, katibu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, akatoa pendekezo kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, na zipewe wakati uleule. Wakati huo viongozi wengi walikuwa wakidai viti zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria na ardhi irudishwe. Kudai uhuru wenyewe hadharani, mbele ya umati, lilikuwa neno zito. Haukupita mwezi, Makhan Singh akakamatwa pamoja na mwenzake Fred Kubai, na Nairobi ikaingia katika mgomo mkuu. Makhan Singh alizuiliwa mbali na watu mpaka Oktoba 1961.

Ukiutazama ukumbi wenyewe, huoni ajabu yoyote: paa la vigae, madirisha marefu, jukwaa la mbao. Lakini kama Kiwanja cha Maskini cha Mombasa, ulikuwa mahali ambapo watu waliotoka makabila mbalimbali, wasiokuwa na nafasi ya kukaa wanne kwa raha ndani ya vyumba vyao, waliweza kukaa mamia na kusikilizana. Baraza lililobana chumba ndilo lililoujaza ukumbi.

Kwa ufupi: huduma za mtaa zilijengwa ili kuwatuliza watu, watu walizipokea, wakazitumia, na hawakutulia.

Majina ya mitaa, na mshahara wa familia

Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, ili kuukabili uasi wa silaha, mitaa ya Mashariki ilionja machungu ambayo hayawezi kuelezwa kwa aya moja. Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, nyumba zikapekuliwa, na maelfu kwa maelfu ya watu, Wakikuyu, Waembu na Wameru hasa, wakapelekwa vizuizini. Mtaa wa Bahati ulizungushiwa seng'enge. Na hali baraza liliendelea kujenga, mitaa miwili ya miaka ile ikapewa majina ya watu waliouawa katika ghasia hizo: Ofafa, kwa jina la diwani Ambrose Ofafa, na Mbotela, kwa jina la Tom Mbotela, aliyekuwa katika uongozi wa Kenya African Union, mtoto wa James Mbotela yule aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa.

Mwaka huohuo wa 1954 kamati iliyochunguza mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Carpenter, ilikubali kwa maandishi jambo ambalo kila mama wa Shauri Moyo alilijua: kwamba ujira wa kapera haumtoshi mtu mwenye familia, na kwamba lazima ufike kiwango cha kuilisha. Ilichukua takriban nusu karne tangu reli ifike hata neno hilo likubaliwe. Nyumba zilizofuata zikaanza kupimwa kwa familia, ingawa kuta za zamani hazikuweza kusogezwa.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulipokuja, amri ya kumzuia mtu kukaa mjini iliondoka, na watu wakaja. Baraza la Jiji lilijenga mtaa wa Uhuru katika miaka ya 1960 na Umoja katika miaka ya 1970. Kisha, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, likageukia mpango wa Dandora ulioanza mwaka 1975, ambao kila familia ilipewa kiwanja, bomba, choo na msingi, ikamalizia nyumba yenyewe kwa nguvu zake. Huko ni kurudi kwenye maarifa ya Pumwani baada ya miaka 50.

Mitaa ya zamani nayo ikaachwa izeeke. Kodi ilibaki ndogo, jambo lililowafaa wapangaji, lakini fedha za matengenezo zikakosekana, mabomba ya maji machafu yaliyotandazwa kwa watu wachache yakapasuka kwa kubeba wengi, na taa za njiani zikazimika. Wapangaji, ambao watoto wao walikuwa watu wazima na hawakuwa na pa kwenda, walijenga vyumba vya mabati ubavuni mwa nyumba, kwanza kwa ajili ya wana, kisha kwa kupangisha. Leo Kaloleni ina sehemu ambazo nyumba ya mawe haionekani kwa mabati, na uwanja uliokuwa wa wote umemegwa hatua kwa hatua. Sitawalaumu waliojenga, kwa maana mtu aliyenyimwa chumba cha pili kwa vizazi viwili ana haki ya kukitafuta. Ila lawama ninayo kwa mamlaka zilizoona viwanja vya umma vikigeuka karakana na vibanda, na baadhi yake vikipata hati za watu binafsi, zikanyamaza.

Palipo na uangalizi, huduma zile za kale hurudi kuwa hai haraka kuliko mtu anavyodhani. Maktaba ya Kaloleni ni tawi la maktaba ya McMillan, ambayo ilifunguliwa katikati ya mji mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao. Katika miaka ya karibuni shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kwa makubaliano na serikali ya kaunti, lilitengeneza upya tawi hilo: paa, sakafu, rafu, na vitabu vya Kiswahili na vya lugha nyingine za nchi. Wanaofaidi zaidi ni watoto, na sababu yake ndiyo ileile ya miaka ya 1940: nyumbani hakuna mahali pa kuweka daftari.

Sasa yamekuja majumba marefu. Pangani, nyumba za baraza za zamani zimevunjwa na ghorofa zimesimama mahali pake, na mitaa mingine ya Mashariki imo katika mipango hiyohiyo. Wapangaji wa Kaloleni hukutana kujadili habari hizo, na maswali wanayowauliza maafisa ni ya maana: nani atapewa kwanza, kodi itakuwa kiasi gani, na mwenye chumba cha mabati atahesabiwa au hatahesabiwa. Laiti wangeongeza na la nne, kuhusu uwanja na ukumbi vitabaki kwa jina la nani katika hati mpya, na waombe jawabu lake kwa maandishi kabla ya kufungasha vyombo.